Mchanga wa Tanga Ulitoka Mlima Gani?

Fundi wa Mabawa, jijini Tanga, hanunui mchanga bila kuuliza umetoka wapi. Wa mtoni unakubali lipu, wa shimoni huja na udongo, wa pwani una chumvi inayokula nondo. Lori likishamwaga mzigo mbele ya banda la bloku, huchota kiganja kimoja, husugua kwa kidole gumba, kisha hutoa hukumu, na mara nyingi hakosei. Ila swali lake hukomea kwenye mto au shimo lililochimbwa juzi. Lirudishwe nyuma zaidi: mto ule uliutoa mchanga kwenye mlima upi, na je, mlima wenyewe uliuzaa au uliurithi kutoka kwa mlima mwingine uliokwisha kuliwa na mvua? Hapo tunaingia kwenye mojawapo ya maswali magumu ya jiolojia ya mwambao huu, na kwa miongo michache iliyopita jibu limekuwa likitafutwa ndani ya punje moja ndogo ya madini iitwayo zirkoni.

Nitasema mapema ninachokiamini. Umri wa punje si anwani ya punje. Kwenye mwambao wa Tanga, ambako mawe ya aina moja na umri unaokaribiana yako pande zote mbili za bahari, njia hii hutoa ushahidi wake mzito kupitia punje zinazokosekana kuliko zile zinazopatikana. Anayetaja orodha ya umri bila kusema ni umri gani haupo, kazi yake ameifanya nusu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukitoka miguuni mwa Usambara kuelekea baharini unavuka matabaka kwa mpangilio ulio wazi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Milima ni miamba geu, migumu, iliyopikwa na kukandamizwa chini kabisa ya gamba la dunia. Mbele yake kuna ukanda wa jiwe mchanga na jiwe tope wa kundi la Karoo, uliowekwa katika zama za Permi na Triasi, yaani kati ya takriban miaka milioni 300 na 200 iliyopita. Juu ya Karoo, upande wa bahari, limekaa jiwe la chokaa la Jurasi, zama zilizofuata Triasi. Ndilo lililotobolewa na maji yakapatikana mapango ya Amboni, na ndilo linalolisha kiwanda cha saruji pale Pongwe. Mwisho, ufukweni, kuna mchanga wenye umri mdogo, na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, kama yale ya kingo za Raskazone. Vuka mpaka uingie Kenya na utakutana na ngazi zile zile kwa majina mengine. Wasafiri wa barabara ya Mombasa huyataja majina hayo bila kujua kuwa ni majina ya matabaka: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras. Chokaa ya huko inaitwa ya Kambe.

Bonde la mashapo, basi, ni shimo refu lililokuwa likizama polepole huku mito ikilijaza. Kilichojaza kilitoka mahali fulani palipokuwa pakipanda. Ukijua palipopanda na lini, umepata historia ya mlima ambao huenda leo haupo tena. Kabla ya mashine za kupima umri, wanajiolojia walikuwa na njia zao: kutazama mteremko wa mikunjo midogo ndani ya jiwe ili kujua maji yalikuwa yakielekea wapi, kuokota kokoto na kuzilinganisha na miamba ya milimani, kuhesabu madini mazito kwa darubini. Njia hizo hazijafa. Nitarudi kwazo, maana wengine huziona za kizee, nami sioni hivyo.

Zirkoni ni silikati ya zirkoniamu. Huzaliwa kwenye mwamba wa moto unaopoa, hasa ule wenye silika nyingi kama graniti. Ugumu wake unapita wa mchanga wa kawaida, kemikali za udongo haziiwezi, na joto la kuivuruga saa yake linapita nyuzi 900. Inapojiunda hukaribisha atomi za urani ndani ya mpangilio wake, na huzikataa za risasi kwa sababu hazitoshei. Kwa hiyo karibu risasi yote inayokutwa ndani ya zirkoni ya zamani ni ile iliyozaliwa humo humo, urani ilipokuwa ikioza. Urani 238 hupungua nusu kwa kila miaka bilioni 4.468 na kuacha risasi 206. Urani 235 hupungua nusu kwa kila miaka milioni 704 na kuacha risasi 207. Ni kama nyumba yenye saa mbili ukutani za mafundi tofauti: zikisoma sawa unaziamini, zikitofautiana unajua kuna iliyoguswa.

Wazo la kuhesabu umri wa mawe kwa urani na risasi lilipata mtetezi wake mkubwa kwa Mwingereza Arthur Holmes, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1911 akiwa bado kijana wa miaka 21. Mwaka huo huo alikuja kutafuta madini Msumbiji na malaria nusura immalize. Miongo kadhaa baadaye ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba geu unaoshika Afrika Mashariki kutoka Msumbiji, kupita Uluguru, Usambara na Upare, hadi Kenya na kuendelea kaskazini. Sijui kama aliwahi kufikiri kuwa mawili hayo, saa aliyoitetea na mkanda alioupa jina, yangekuja kukutana kwenye kiganja cha mchanga.

Kazi ya maabara ina sehemu ambayo mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Handeni angeifanya bila kufundishwa. Kilo chache za jiwe mchanga husagwa, kisha huoshwa kwa karai au kwenye meza inayotikisika ili vyepesi viondoke na vizito vibaki. Mchanga wa kawaida, yaani kwazi, una uzito wa mara 2.65 ya maji. Zirkoni inafika mara 4.6. Kinachobaki hupitishwa kwenye kimiminika kizito, sumaku huondoa chenye chuma, na mtu huketi kwenye darubini akizichagua punje. Hugandishwa kwenye gundi, hung'arishwa mpaka matumbo yake yaonekane, kisha miale ya leza hutoboa kishimo cha mikroni 30 hivi, vumbi lake hubebwa na gesi hadi kwenye mashine inayopima isotopi. Punje moja huchukua kama dakika moja. Mashine ya zamani zaidi ya kazi hii, ile iliyobuniwa Canberra nchini Australia, hutumia mkondo wa ioni badala ya leza. Ni ya taratibu zaidi lakini huchokoa sehemu ndogo zaidi ya punje.

Zinahitajika punje ngapi? Mwaka 2004 Pieter Vermeesch alipiga hesabu akaonyesha kwamba ukitaka uhakika wa asilimia 95 kuwa hujalikosa kundi lolote linalofikia asilimia 5 ya mchanga, unahitaji kupima angalau punje 117. Kabla yake wengi waliridhika na 60. Kwa mtu anayejenga hoja juu ya kukosekana, namba hii si mapambo. Ukipima punje 40 na usione ya miaka bilioni 2.7, hujathibitisha kuwa haikuwamo.

Sasa tuwatambue wazazi. Katikati ya Tanzania, kuanzia Dodoma hadi ukanda wa Ziwa, kuna kiini cha kale ambacho wanajiolojia hukiita kratoni. Graniti zake zina umri wa bilioni 2.8 hadi 2.5. Pembeni yake kusini-mashariki uko mkanda wa Usagara, wenye takriban bilioni 2, na kusini-magharibi mkanda wa Ubende, wa bilioni 2 hadi 1.8. Mashariki ya yote ndio Ukanda wa Msumbiji. Miamba ya Usambara ilianza kama magma kati ya miaka milioni 900 na 700 hivi, kisha ikapikwa upya kati ya milioni 650 na 610, mabara yalipogongana kuunda bara kuu la Gondwana. Ilizama hadi kina cha kilomita 35 hivi, kwenye joto la nyuzi 800. Yaani jiwe analokanyaga mkulima wa chai wa Amani liliwahi kuwa chini ya mlima mwingine wenye unene wa kilomita 35, na mlima huo wote umeshuka kama mchanga.

Ulikwenda wapi? Mwaka 2006 Richard Squire na wenzake walipendekeza kuwa mgongano ule uliinua safu yenye urefu unaopita kilomita 8,000, na kwamba takataka zake zimesambaa Gondwana nzima. Zirkoni za umri wa milioni 650 hadi 500 zinaokotwa kwa wingi katika mawe mchanga ya kale ya Australia, Antaktika na Yordani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule mlima haiko Tanga kabisa. Mtu anayekuta zirkoni ya miaka milioni 640 huko mbali hawezi kusema ni ya Usambara, lakini pia hawezi kuikataa.

Hapa ndipo tatizo la Tanga linapojitokeza. Karoo ya Tanga ilipokuwa ikiwekwa, hakukuwa na bahari mashariki. Kulikuwa na Madagaska. Kisiwa kile kilikuwa kimebanana na pwani ya Kenya, Somalia na kaskazini ya Tanzania, na hakikuanza kuteleza kuelekea kusini hadi Jurasi, kikifuata mpasuko ambao leo umebaki chini ya bahari kwa jina la tuta la Davie. Kwa hiyo mto uliomwaga mchanga Tanga miaka milioni 250 iliyopita ungeweza kutoka magharibi, mashariki, au kote kuwili. Na Madagaska ni kipande cha mgongano ule ule.

Wengi huishia hapo na kusema haiwezekani kutofautisha. Mimi naona inawezekana, kwa masharti. Katikati ya Madagaska kuna graniti za bilioni 2.5, si 2.7. Kuna magma za milioni 820 hadi 740. Na muhimu kuliko yote, upishi wake mkuu ulichelewa: kati ya milioni 570 na 520, wakati Usambara ilikuwa imeshapikwa na kupoa kiasi. Tofauti kati ya milioni 620 na 550 ni kubwa kwa mashine ya leza, ambayo kosa lake kwa umri huo ni kama asilimia moja au mbili, yaani miaka milioni 6 hadi 12. Basi mchanga wa Karoo uliojaa zirkoni za milioni 640 na usio na za 550 unaelekeza Usambara na Upare. Ukijaa za 550, unaelekeza Madagaska, au kusini kabisa, Masasi na kaskazini mwa Msumbiji, ambako upishi wa mwisho pia ulikuja kwa kuchelewa.

Sharti la kwanza ni uaminifu wa saa. Zirkoni yenye urani nyingi huharibika ndani kwa mionzi yake yenyewe, na iliyoharibika huvujisha risasi. Punje ya milioni 620 iliyovuja kidogo husoma 560 na kujifanya Mmalagasi. Ndiyo maana saa mbili zinalinganishwa, lakini kwa umri wa chini ya bilioni moja saa hizo hutembea karibu sana na mvujo mdogo haugunduliki kirahisi. Mtafiti makini hutazama picha ya punje na kiasi cha urani kabla ya kuamini namba.

Sharti la pili ni kuisoma punje kwa tabaka zake. Zirkoni nyingi za Ukanda wa Msumbiji zina kiini cha zamani na ganda jipya, maana mwamba wa kale ulipikwa tena na punje ikaota ganda. Magharibi ya Usambara, kuelekea Handeni na nyika ya Wamaasai, kuna miamba ya umri wa kratoni iliyoingizwa kwenye tanuri la miaka milioni 640. Punje yake itakuwa na kiini cha bilioni 2.7 na ganda la milioni 640. Punje ya graniti ya Dodoma haina ganda hilo, kwa sababu Dodoma haikupikwa kiasi hicho. Anayepiga leza katikati ya punje pekee atazihesabu zote mbili kama za kratoni, na atachora mto mrefu kutoka bara ambao haukuwapo. Kwa pwani yetu kosa hili lina gharama kubwa kuliko mvujo wa risasi, kwa sababu linabadilisha ramani nzima: mto wa kilomita 60 unageuka mto wa kilomita 500.

Madai ya mto wa namna hiyo yanaweza kufanyiwa majaribio leo, bila kungoja Karoo. Pwani ya kaskazini ina mito minne inayofaa. Sigi unashuka Usambara ya Mashariki na kuishia Tanga. Umba unatoka Usambara ya Magharibi na kumalizikia Vanga, ng'ambo ya mpaka, ukipita bonde lenye yakuti na garneti za rangi zisizo za kawaida. Pangani, wenye urefu wa takriban kilomita 500, unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, kisha ya Upare na Usambara. Na Wami, unaoingia baharini karibu na Saadani, una vijito vinavyoanzia kwenye graniti za Dodoma kwa jina la Kinyasungwe. Kati ya yote, Wami ndio wenye haki ya kubeba zirkoni safi za bilioni 2.7. Ukizikuta kwenye ufukwe wa Pangani, si lazima kuwa mto Pangani uliwahi kufika kratoni. Mawimbi ya kusi husukuma mchanga wa pwani kaskazini kwa miezi kadhaa kila mwaka, kaskazi huurudisha kwa sehemu tu.

Pangani una somo jingine, nalo kwangu ndilo linalotisha zaidi. Mlima mkubwa kuliko yote Afrika unamwaga maji yake kwenye mto huu, lakini lava za Kilimanjaro, zenye silika kidogo na alkali nyingi, ni nadra kuzaa zirkoni. Meru ni vivyo hivyo. Mtu wa miaka milioni 100 ijayo akipima zirkoni za mchanga wa Pangani peke yake atauona Upare, atauona Usambara, na hatauona Kilimanjaro. Ataandika kwa kujiamini kwamba wakati ule kaskazini mwa Tanzania hakukuwa na volkano. Kilimanjaro utaonekana tu kwa yule atakayejali kuhesabu punje za piroksini na olivini, madini meusi na ya kijani yanayooza upesi. Ndiyo sababu nilisema njia za wazee hazijafa. Zirkoni inazungumzia graniti, na graniti ina sauti kubwa kuliko majirani zake.

Hapa niongeze kwamba Nyumba ya Mungu, bwawa la miaka ya 1960, pamoja na mabwawa ya Hale na Pangani Falls, yamekata sehemu ya mchanga uliokuwa ukishuka. Mchanga wa mdomo wa Pangani wa leo haufanani na wa karne moja iliyopita, na anayeuchukua kama kielelezo cha mto wa asili inabidi alijue hilo.

Kusini kazi imesonga mbele zaidi, na sababu ni gesi. Kuanzia mwaka 2010 ugunduzi wa bahari kuu ulifuatana, na akiba ya gesi ya Tanzania inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 hivi. Sehemu kubwa iko ndani ya jiwe mchanga la Kretasi, zama zilizofuata Jurasi, na la zama za baadaye, chini ya maji ya kina kirefu kusini mwa Dar es Salaam. Kwa kampuni ya gesi, asili ya mchanga ni suala la fedha. Mchanga uliotoka mbali na kusagwa sana hubaki kwazi tupu na nafasi kati ya punje hukaa wazi. Uliotoka karibu huwa na felspari nyingi, felspari hugeuka udongo, udongo huziba matundu, na gesi haitoki. Kujua kama Kretasi ya Rufiji au Ruvuma ilikuwa na mto mrefu au vijito vifupi ni kujua kisima kipi kichimbwe.

Ndiyo maana bonde la Mandawa, mkoani Lindi, lilipata watafiti. Ni eneo lile lile la Tendaguru ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin. Mwaka 2019 Katrine Fossum wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mchanga wa Mandawa kutoka Jurasi hadi zama za Paleojini, wakitumia madini mazito kwa pamoja badala ya kutegemea kipimo kimoja. Mpangilio huo wa kazi naupenda. Garneti husema aina ya mwamba geu, rutili husema joto la mapishi, zirkoni husema umri, na hakuna anayeachiwa kusema peke yake.

Magharibi, Rukwa imetoa jibu la kushangaza. Eric Roberts na wenzake walionyesha mwaka 2012 kuwa mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa ulianza kufunguka kama miaka milioni 25 iliyopita, mapema sana kuliko ilivyodhaniwa. Majivu ya volkano yaliyonaswa kati ya matabaka yaliwapa umri wa tabaka, na zirkoni za mchanga zikawaonyesha mito. Katika Kretasi mito mikubwa ilipita Rukwa kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Kongo. Baadaye ardhi ikainuka, njia ikafungwa, maji yakagawanyika upya. Kwa Tanga maana yake ni hii: mgawanyiko wa maji tunaouona leo kati ya Bahari ya Hindi na Kongo ni mdogo kwa umri, na haufai kutumiwa kukisia mito ya Karoo.

Rukwa walikuwa na bahati ya majivu. Tanga haina. Wanasayansi wengi hutumia punje changa kuliko zote kama kikomo: tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko punje iliyomo. Lakini milima ya nyuma ya Tanga haina miamba ya moto ya Permi wala Triasi. Punje changa kabisa inayotarajiwa kutoka huko ni ya miaka nusu bilioni na zaidi, wakati tabaka lenyewe ni la milioni 250. Kikomo hicho ni cha kweli na hakina faida. Umri wa Karoo ya mwambao hutoka kwenye chavua na mabaki ya mimea, na itabaki hivyo.

Mahali pengine duniani pametufundisha kutoamini jirani. Majabali mekundu ya Utah na Arizona, yaliyokuwa matuta ya jangwa la Jurasi, yalidhaniwa kutoka milima ya karibu. William Dickinson na George Gehrels walipopima zirkoni zake mwaka 2003, walikuta sehemu kubwa imetoka Appalachia, upande wa pili kabisa wa Amerika Kaskazini. Mito iliupeleka mchanga magharibi, upepo ukamalizia. Kwa hiyo Usambara kuwa karibu na Tanga si ushahidi wa kitu chochote.

Kisha kuna suala la kurithi. Zirkoni haifi kwa safari moja. Punje iliyotoka kwenye mwamba geu uitwao gneisi ikaingia jiwe mchanga la Mazeras inaweza kutoka tena, jiwe hilo likimomonyoka, na kuingia mchanga mwekundu wa Magarini karibu na bahari, ambao ni wa juzi tu kijiolojia. Saa yake bado inasema miaka milioni 640. Huko Kwale, Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa namna hiyo kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, ikiuza ilmeniti, rutili na zirkoni yenyewe kupitia bandari ya Likoni. Kusini mwa jiji la Tanga mchanga mweusi wa aina hiyo umepimwa pia chini ya mradi wa Tajiri. Wingi wa zirkoni hapo ni matokeo ya mchujo wa mara nyingi: kila mzunguko huua madini dhaifu na kuacha magumu. Anayesoma mchanga huo kama barua ya moja kwa moja kutoka mlimani anasoma nakala ya nakala.

Dawa ya kurithi ni kupima punje ile ile kwa saa ya pili ya joto la chini. Heli inayonaswa ndani ya zirkoni huanza kukaa joto likishuka kufika nyuzi 180 hivi, na alama za mipasuko ya urani hudumu chini ya nyuzi 240 hivi. Umri wa urani na risasi husema punje ilizaliwa lini, umri wa heli husema mwamba wake ulikaribia uso wa nchi lini kwa mara ya mwisho. Punje mbili za milioni 640, moja iliyopoa kabla ya Karoo na nyingine iliyopoa katika Kretasi, zimepitia mikono tofauti. Ghali, ndiyo. Lakini kwa mwambao ambao wazazi wote wamefanana sura, sioni njia nyingine ya kuwatenganisha.

Kuna kazi ambayo zirkoni isipewe. Maji ya bomba ya Mabawa, kama ya sehemu kubwa ya jiji, hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Sigi, na tope linalojaa bwawa ni hasara ya kila siku. Kujua kama linatoka mashamba ya miteremko, barabara za msituni au mashimo ya dhahabu ya Sakale ni swali lenye maana kwa mlipa ankara. Zirkoni hazitalijibu, kwa sababu bonde zima la Sigi juu ya bwawa liko kwenye familia moja ya miamba. Hapo hutumika kemia ya udongo wa juu na wa chini, na seziamu 137 iliyoangushwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya katikati ya karne ya 20, ambayo hukaa kwenye udongo wa juu tu. Tope lisilo nayo limetoka kwenye kina, kama vile kingo za mto au mashimo.

Kwa Karoo yenyewe, mpango wa kazi si mkubwa. Jiwe mchanga kutoka magharibi ya jiji la Tanga, la Mazeras kutoka ng'ambo ya mpaka, na la bonde la Morondava kutoka magharibi ya Madagaska. Kila moja punje zisizopungua 117, kiini na ganda vipimwe kila kimoja peke yake, na punje kadhaa zipelekwe kwenye heli. Sampuli za mchanga wa sasa wa Sigi, Umba, Pangani na Wami zipimwe kwa mashine ile ile, ili tujue kila mzazi anaonekanaje kabla ya kumtafuta kwa watoto wake wa miaka milioni 250. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyopo Dodoma vina ramani na watu wa kuchagua mahali pa kuokota. Zirkoni za milioni 550 zikikosekana Tanga na zikawa nyingi Morondava, Madagaska itakuwa imeondolewa kwenye orodha ya wazazi wa Karoo ya Tanga.